Anayefika Mwanza ndiye anayehesabiwa

Uvimbe unaoongoza kwa idadi miongoni mwa uvimbe wote unaoanzia kichwani hautoki kwenye ubongo wenyewe. Huota kwenye utando unaoufunika ubongo na uti wa mgongo, na madaktari huuita meninjioma. Nchini Marekani, ambako sheria inataka kila mgonjwa aandikwe, meninjioma huchukua karibu asilimia 40 ya uvimbe wote unaoanzia kwenye ubongo na mfumo wa fahamu. Anayetaka hesabu ya namna hiyo kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, itabidi aanze na ramani ya barabara, hadubini ije baadaye.

Tuseme ni mama wa miaka 55 anayeishi Rulenge, wilayani Ngara. Kichwa kinamuuma, zaidi asubuhi. Anakwenda zahanati, anapimwa malaria, anapewa dawa ya maumivu, anarudi shambani kwake kwenye migomba. Mwaka unapita. Jicho la kulia linaanza kufifia, na jirani anamwambia ni mtoto wa jicho. Mwaka wa pili anaanguka jikoni, anatupa mikono na miguu, anatokwa povu. Hapo familia inagawanyika: wapo wanaosema kifafa, wapo wanaosema amerushiwa kitu, na fedha ya kwanza inakwenda kwa mganga. Hakuna wa kulaumiwa kwa urahisi. Meninjioma nyingi hukua polepole mno, ubongo unazoea kusukumwa kidogo kidogo, na dalili zake zinafanana na za magonjwa kumi mengine yanayojulikana zaidi kijijini.

Kuna dalili moja, hata hivyo, ambayo kila mhudumu wa zahanati wilayani angepaswa kuishikilia. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa, akianguka kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, anahitaji kupigwa picha ya ubongo. Yawezekana chanzo kikawa minyoo ya nguruwe iliyojenga ubongoni, au kifua kikuu, au maambukizi yanayoandamana na VVU. Yawezekana pia ni uvimbe. Eksirei ya kawaida ya kichwa haitamwonyesha daktari ubongo wenyewe, na dawa za kifafa zikianzishwa bila picha zinaweza kuyanyamazisha maanguko kwa miaka huku kinachoyasababisha kikizidi kukua.

Ngara iko kona ya kusini magharibi ya Kagera, imepakana na Rwanda kwa upande mmoja na Burundi kwa mwingine. Makao makuu ya mkoa, Bukoba, yako mbali kaskazini, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Wilayani zipo hospitali za siku nyingi: Murgwanza ya Kanisa Anglikana, Rulenge ya Wakatoliki, na upande wa pili hospitali ya Biharamulo. Zinazalisha, zinapasua ngiri, zinatibu mifupa iliyovunjika kwa pikipiki. Kupasua fuvu si kazi yao, wala haikutarajiwa kuwa kazi yao. Mgonjwa wa ubongo hupewa karatasi ya rufaa, na rufaa yenyewe ni safari: Ngara hadi Lusahunga, Biharamulo, Bwanga, Geita, kisha Sengerema na maji. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa lilisubiri kivuko pale Busisi pamoja na malori ya samaki. Tangu Juni 19, 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 hivi juu ya ziwa, na kwa mtu mwenye shinikizo kichwani daraja hilo lina thamani kubwa kuliko hotuba zote zilizotolewa siku ya kulifungua.

Ng'ambo yake kuna Mwanza, na juu ya kilima kuna Bugando, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye madaktari wa upasuaji wa ubongo, wataalamu wa patholojia na tiba ya mionzi. Wengine huendelea hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambayo licha ya jina lake ndiyo nyumba kuu ya upasuaji wa ubongo nchini tangu ilipoanzishwa mwaka 1996. (Kwa mtu wa Rusumo, mpakani na Rwanda, Kigali iko karibu kuliko Mwanza. Lakini rufaa hufuata bendera.)

Karibu na Biharamulo pia pamejengwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, katika eneo ambalo hadi mwaka 2005 lilikuwa sehemu ya wilaya hiyohiyo ya Biharamulo. Na baada ya janga la UVIKO-19, Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kununua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hili ni jambo kubwa kwa uvimbe tunaouzungumzia, maana picha ya CT yenye dawa ya mshipani huionyesha meninjioma ikiwaka, imeshikamana na utando kwa ndani ya fuvu, mara nyingine na chembe za chokaa ndani yake na mfupa ulionenepa juu yake.

Picha lakini haisemi ni aina gani. Hapo ndipo mgonjwa anapohitaji mtu ambaye pengine hatamwona maishani.

Jina la meninjioma lilitolewa mwaka 1922 na Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa Marekani. Kabla yake kila bingwa alikuwa na jina lake, kulingana na alichoamini kuhusu chimbuko la uvimbe huo. Mwaka 1910 Cushing alikuwa amempasua Leonard Wood, jenerali wa jeshi la Marekani, aliyekuwa akipata degedege upande mmoja wa mwili. Wood alipona, akaendelea na kazi, akawa gavana wa Ufilipino. Uvimbe ulirudi, na mwaka 1927 akafariki baada ya kupasuliwa tena. Mwaka 1938 Cushing na mwenzake Louise Eisenhardt, mwanamke aliyekaa miaka na hadubini akiwaandika wagonjwa hao mmoja baada ya mwingine, walichapisha kitabu kinene kuhusu watu 313 wenye meninjioma. Orodha ya aina za tishu inayotumika leo ni mjukuu wa kazi ile.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la tano la mgawanyo wake la mwaka 2021, linatambua aina 15 na madaraja 3. Idadi hiyo hutisha wanafunzi, lakini kazi ya kila siku ya mtaalamu wa patholojia imezungukwa na aina 3 tu. Ya kwanza ni meningothelia, ambamo seli hukaa kwa makundi yaliyoshikamana hadi mipaka kati ya seli na seli haionekani. Ya pili ni ya nyuzi: seli nyembamba ndefu zilizolala sambamba, na kati yake nyuzi ngumu zinazoufanya uvimbe uwe mgumu mkononi mwa mpasuaji. Ya tatu ni ya mpito, yenye sura zote mbili, na humo seli hujizungushia kutoka katikati kwenda nje kama kitako cha kikapu cha kufumwa cha Wahangaza, wenyeji wa Ngara. Katika maabara nyingi duniani aina hizi 3 pekee hubeba sehemu kubwa ya meninjioma zote, na zote ni za daraja la 1, yaani haziingii kwenye tishu za jirani kwa pupa wala hazisambai mwilini.

Nyuma yake inakuja yenye mchanga, psamoma. Mizunguko ile ya seli hufa katikati, ikajaa chokaa, ikawa punje ngumu. Aina hii hupenda uti wa mgongo sehemu ya kifua, na hupenda wanawake wa umri mkubwa. Bibi kizee wa Nyakahura ambaye miguu imekuwa mizito mwaka baada ya mwaka, kisha akashindwa kusimama, mara nyingi atadhaniwa ana kifua kikuu cha mifupa au "uzee". Kama chanzo ni psamoma, ni miongoni mwa watu wenye bahati katika upasuaji wa mfumo mzima wa fahamu: uvimbe hutoka, na wengi hutembea tena.

Zilizobaki katika daraja la 1 ni chache na nitazipita haraka: yenye mishipa mingi ya damu, yenye vifuko vidogo, yenye seli nyingi za kinga, na ile iliyogeuka ikatengeneza mfupa au mafuta ndani yake. Moja nitaisimamia kidogo, sekretori, kwa sababu ina hila. Inaweza kuwa ndogo kabisa, lakini ubongo unaoizunguka ukavimba kwa maji kiasi cha kumfanya mgonjwa aonekane ana uvimbe mbaya uliokwishaenea. Anayeisoma picha tu anaweza kumkatia tamaa mtu anayetibika.

Daraja la 2 lina aina adimu mbili, kodoidi na ile ya seli angavu inayopenda vijana na uti wa mgongo, lakini wengi humo ni wa atipia. Atipia haitambuliwi kwa sura peke yake bali kwa kuhesabu. Mtaalamu huchagua sehemu yenye shughuli nyingi, hupita maeneo 10 ya hadubini kwa lenzi kubwa, na huhesabu seli zilizonaswa zikiwa katikati ya kugawanyika. Zikifika 4 ni daraja la 2. Zikifika 20 ni daraja la 3, anaplasia, ambayo ni saratani kamili. Uvimbe ulioingia ndani ya ubongo nao huwekwa daraja la 2 hata kama hesabu ya seli ni ndogo. Papilari na rabdoidi, ambazo zamani zilipelekwa daraja la 3 moja kwa moja kwa sababu ya sura, toleo la 2021 limeziondoa huko: sasa nazo huhesabiwa na kupimwa vinasaba. Kwa jumla, takribani 80 katika kila 100 ni daraja la 1, wengi wa waliosalia ni daraja la 2, na daraja la 3 huwa 1 hadi 3.

Hesabu hii ya seli ina adui ambaye vitabu vya Ulaya havimzungumzii sana, naye ni ucheleweshaji. Kinyama kilichotolewa kichwani kinatakiwa kizamishwe kwenye fomalini mara moja, katika chombo chenye fomalini nyingi kuliko kinyama chenyewe. Kikikaa mezani kwa saa kadhaa, kikifungwa kwenye chachi iliyolowa maji ya chumvi, au kikibanwa kwenye kichupa kidogo, seli zilizokuwa zikigawanyika hazitambuliki tena vizuri. Mtaalamu anahesabu 2 pale ambapo zilikuwa 5, na mgonjwa anapewa daraja la 1 ambalo si lake. Vivyo hivyo, mpasuaji akipeleka kipande cha katikati tu na kuacha ukingo uliogusa ubongo, hakuna wa kusema kama uvimbe uliingia ubongoni au la. Asilimia zinazochapishwa kwenye majarida zimebeba mambo haya madogo ndani yake.

Na zimebeba jambo moja kubwa zaidi. Mwaka 1971 madaktari Renato Ruberti na M. Poppi walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki taarifa juu ya uvimbe wa mfumo wa fahamu kwa Waafrika, kutokana na kazi yao Nairobi. Tangu enzi hizo, orodha za wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali za Afrika zimekuwa zikiipa meninjioma fungu kubwa. Wapo waliotafuta sababu katika damu ya Mwafrika, na si swali la kupuuza: hata Marekani, watu weusi huugua meninjioma kwa kiwango kikubwa kuliko weupe. Mimi naona barabara ina neno la kusema kabla ya damu. Mwenye glioma kali, uvimbe unaotoka kwenye ubongo wenyewe, huweza kufa ndani ya miezi, na kama anaishi Bugarama au Kalenge hufa kabla hajafika penye picha. Mwenye meninjioma anaishi. Anapofuka taratibu, anaanguka, anauza ng'ombe, anahangaika miaka mitano, na hatimaye anafika Mwanza na uvimbe mkubwa ambao hakuna wa kuukosa. Orodha ya hospitali huwahesabu waliomudu kusubiri, nao wenye meninjioma ndio hodari wa kusubiri.

Wengine hawafiki kabisa, wala hawahitaji. Rotterdam, Uholanzi, watu 2,000 wa umri wa kati na wazee waliokuwa wazima walipigwa picha za MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007: asilimia 0.9 walikuwa na meninjioma bila kujua. Karibu mtu 1 katika kila 100. Wengi wa namna hiyo huzeeka nayo na kuzikwa nayo.

Sasa tupige hesabu ya kidole. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo. Marekani hugundua karibu wagonjwa 10 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Tukihamisha kiwango hicho kama kilivyo, wilaya hizi mbili zingekuwa na zaidi ya wagonjwa 60 kila mwaka. Lakini hatuwezi kukihamisha kama kilivyo, kwa sababu meninjioma ni ugonjwa wa watu wazima na wazee, na zaidi ya nusu ya Watanzania hawajafika miaka 20. Ukiirekebisha hesabu kwa umri, idadi inashuka sana. Haishuki hadi sifuri.

Sifuri huja kwa njia nyingine, ya makaratasi. Majedwali ya kimataifa ya saratani, yale yanayonukuliwa na wizara na wafadhili, huhesabu uvimbe wa ubongo ulio saratani tu. Meninjioma ya daraja la 1, ambayo inaweza kumpofusha mtu au kumuua kwa kubana ubongo, haimo. Hata Marekani ilikuwa hivyo hadi Bunge lao lilipopitisha sheria mwaka 2002, na kuanzia Januari 2004 kila uvimbe wa ubongo usio saratani ukaanza kuandikwa. Tanzania ina daftari za usajili wa saratani, ikiwemo ya Mwanza, na itakuwa busara zikiwa na safu ya uvimbe wa ubongo hata usiokuwa saratani. Mashine za CT mikoani zitaanza kuwaibua wagonjwa hawa, na mtu atasimama redioni aseme ugonjwa umelipuka, kisha ataitaja minara ya simu. Tathmini ya tafiti iliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 haikuona uhusiano kati ya simu za mkononi na uvimbe wa ubongo.

Kinachojulikana kuongeza hatari ni mionzi. Israel iliwatibu maelfu ya watoto ugonjwa wa fangasi kichwani kwa mionzi katika miaka ya 1950, na miongo kadhaa baadaye meninjioma kwao ilikuwa mara 9 hivi kuliko kwa wenzao. Kingine ni homoni. Wanawake huugua zaidi ya mara mbili kuliko wanaume, tofauti ambayo huyeyuka katika daraja la 3, na seli nyingi za daraja la 1 zina vipokezi vya homoni ya projesteroni. Machi 2024 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Ufaransa juu ya wanawake 18,061 waliopasuliwa meninjioma. Ulionyesha kuwa kutumia sindano ya uzazi wa mpango ya medroksiprojesteroni, ile inayoitwa Depo hata vijijini, kwa mwaka mmoja au zaidi, kulihusishwa na hatari mara 5.5 hivi. Kitanzi chenye homoni ya levonojestreli hakikuonyesha hatari hiyo.

Takwimu hiyo isomwe kwa utulivu. Kati ya wanawake wote 18,061, waliokuwa wametumia sindano hiyo walikuwa 9 tu, kwa kuwa Wafaransa huitumia kwa nadra. Mara tano ya kitu kidogo bado ni kidogo, na mimba isiyotarajiwa kwa mama wa watoto saba huko Nyakanazi ni hatari iliyo karibu zaidi. Hakuna sababu ya mtu kuikimbia sindano kesho bila kuzungumza na muuguzi. Ila sindano hii ni miongoni mwa njia zinazotumiwa sana Tanzania, na mwenye kuitumia miaka mingi akianza kuumwa kichwa kusikoisha au kufifia macho, swali la Depo liulizwe na liandikwe kwenye karatasi ya rufaa. Utafiti huo unastahili kurudiwa kwenye nchi ambako sindano ndiyo kawaida.

Tiba ya kwanza ya uvimbe unaoleta dalili ni upasuaji, na kiasi kilichoondolewa kina uzito sawa na aina iliyosomwa. Mwaka 1957 Donald Simpson alionyesha kwamba ukitolewa wote pamoja na utando na mfupa ulioguswa, hurudi kwa wagonjwa 9 katika 100. Ukitolewa wote lakini utando ukaunguzwa tu, 19. Utando ukiachwa bila kuguswa, 29. Ukiachwa kipande cha uvimbe wenyewe, 40 hivi. Kwa daraja la 3, na mara nyingi kwa daraja la 2, mionzi hufuata, na mionzi kwa mtu wa Ngara maana yake ni wiki kadhaa za kupanga chumba Mwanza au kukaa kwa ndugu Dar es Salaam.

Kurudi huko kunaweza kuchukua miaka 10. Ndiyo maana nakala ya majibu ya patholojia, yenye aina, daraja, hesabu ya seli na maelezo ya ukingo wa ubongo, haipaswi kuishia kwenye faili la Mwanza. Mgonjwa apewe ya kwake ya kuweka nyumbani pamoja na cheti cha kliniki, na nyingine itumwe Rulenge, Murgwanza au Biharamulo, kwa sababu siku atakapoanguka tena, huko ndiko atakakopelekwa kwanza, usiku, kwa pikipiki, na atakayempokea atakuwa daktari mwingine.